Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo: vichwa mmehesabu, sasa hesabuni madume

Mheshimiwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi,
Mtumba, Dodoma.

YAH: KUPIMA NA KUFUATILIA NASABA ZA MIFUGO YETU YA ASILI

Mheshimiwa, salaam na pole na kazi.

Mimi ni bwana mifugo mstaafu. Nimezaliwa Muheza, lakini kazi ilinipeleka Longido wakati Longido ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Monduli, na huko huko nimezeekea. Nimechanja, nimeogesha, nimehasi, na miaka yangu ya mwisho nilikuwa mhimilishaji, mpandishaji wa ng'ombe kwa mbegu zilizogandishwa, natembea na mtungi wa naitrojeni nyuma ya pikipiki. Nayasema haya mapema usije ukanidhania mwanaharakati. Jambo ninalolilalamikia nimelifanya kwa mikono yangu mwenyewe.

Mwaka 1996 mradi mmoja, ambao jina lake halina kazi hapa, ulileta madume 12 wa Dorper, kondoo wa kigeni wa nyama, katika kijiji nilichokuwa nakihudumia. Walikuwa wazuri, sitaki kusema uongo: weupe, vichwa vyeusi, migongo mipana kama meza ya chai. Sharti likawa kwamba kila boma litakalotumia dume wa mradi lihasi madume wake wote wa kienyeji, wale kondoo wekundu wa Kimaasai, ili damu mpya isicheleweshwe. Aliyeshika burdizo, koleo la kuhasia, ni mimi. Kwa siku tatu nilihasi madume 41. Idadi naijua kwa sababu niliandika kwenye daftari, jina la mwenye boma na rangi ya dume: mwekundu, mwekundu, mwekundu mwenye baka, mwekundu. Hakuna aliyenituma kuandika rangi. Nadhani nilikuwa nafukuza usingizi.

Bibi mmoja, huko humwita koko, aliniambia dume wake yuko machungani na siku hiyo harudi. Kesho yake dume bado yuko machungani. Siku ya tatu nikaelewa, nikapita mbele ya boma lake kama mtu asiyeona.

Mwishoni mwa 1997 zikaja mvua za El Nino, zikavuka hadi 1998. Majani yakawa ya kufika magotini, watu wakafurahi, na chini ya majani hayo minyoo wakafurahi zaidi. Mheshimiwa, ukivuta kope la chini la kondoo mzima, kwa ndani pana wekundu wa ufizi wa mtoto. Machotara wale nilipowafungua macho palikuwa peupe kama karatasi. Wapo minyoo wanaokaa katika tumbo la nne na kunyonya damu. Wakizidi, mnyama huanza kujaa maji chini ya taya, kifuko kinaning'inia. Jioni unakiona kifuko, alfajiri unamkuta amelala ubavu. Dawa tuliyokuwa nayo ilikwisha ndani ya wiki moja, na barabara ilikuwa haipitiki. Kuna boma lililobaki na kondoo sita kutoka sabini na kitu. Kwa yule koko walikufa kondoo vikongwe watatu. Alinikaribisha chai ya maziwa na hakuniuliza neno, jambo ambalo lilikuwa zito kuliko matusi.

Wakati ule nilidhani ni bahati. Baadaye nikaja kujua kwamba watafiti wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo ambayo leo inaitwa ILRI, yenye makao Nairobi, walikuwa wamelipima jambo hilo hilo kule Diani, pwani ya Kenya, kwenye joto na unyevu, katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990. Waliwaweka kondoo wekundu wa Kimaasai na Dorper kwenye malisho mamoja, wakahesabu mayai ya minyoo kwenye vinyesi, wakapima damu, wakahesabu vifo. Wekundu walibeba minyoo kidogo, wakakaa na damu yao, na wanakondoo wao wakafa kidogo zaidi. Kwenye nyanda kavu Dorper hakuwa na aibu, huko alikua vizuri tu. Sasa Longido ni kavu miaka mingi, na miaka michache inakuwa Diani. Mwaka wa Diani ukifika hautoi taarifa.

Lililonikosesha raha zaidi ni jambo jingine la watafiti hao. Mwaka 1992 walizunguka Kenya na sehemu ya kaskazini ya Tanzania wakitafuta kondoo wekundu wasiochanganyika, wakawapata wachache sana, wakaunda kundi dogo la kuhifadhi. Kundi lilipokuja kuchunguzwa baadaye likakutwa nalo limeingiwa na damu ya kigeni. Hao ni watu waliosomea, wanachagua kwa makini, na bado macho yaliwadanganya. Maana wekundu wa manyoya unaweza kubaki vizazi kadhaa wakati ile kinga ya tumboni imeshakwenda.

Mheshimiwa, kila mwaka bajeti ya wizara yako inaposomwa bungeni tunasikia kwamba tuna ng'ombe zaidi ya milioni 36 na kondoo zaidi ya milioni 9. Nafurahi kama Mtanzania yeyote. Lakini hizo ni hesabu za vichwa. Mfugaji anajua kwamba zizi halizaliwi na vichwa, linazaliwa na baba na mama, na mara nyingi baba ni mmoja.

Iko hesabu ya darasa la saba ambayo wataalamu wa nasaba huitumia. Zidisha idadi ya madume kwa idadi ya majike wanaozaa, zidisha tena kwa nne, halafu gawanya kwa jumla ya madume na majike. Jibu lina jina refu vitabuni. Mimi naliita idadi ya kweli. Chukua majike 400 na madume 10. Ukiwatazama ni kondoo 410, lakini idadi ya kweli ni 39. Chukua majike 1,000 na dume mmoja: idadi ya kweli hata 4 haifiki. Ongeza majike mpaka ujaze mbuga nzima, haitafika 4. Niliporudi kwenye daftari langu na kukadiria majike 900 wa kijiji kile, nikaweka na madume 12 wa mradi, nikapata 47. Na hiyo ni kama madume wale hawakuwa ndugu, kumbe walitoka shamba moja, wengine baba mmoja. Kwa hiyo hata 47 ni kujipendelea.

FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, katika miongozo yake kwa mifugo, inataka idadi hiyo isishuke chini ya 50, maana ikishuka hapo ukoo unaongeza zaidi ya asilimia 1 ya kuzaliana ndugu kwa ndugu katika kila kizazi. Hiyo 50 ni ya kuzuia ajali tu. Ili ukoo ubaki na akiba ya kutosha ya kupambana na ugonjwa mpya, ukame mpya au minyoo wapya, kiwango kinachotumika ni 500. Na hili la 500 tumeshalikubali kama nchi. Mfumo wa bioanuwai (wingi wa aina za viumbe) wa Kunming-Montreal, uliopitishwa Montreal Desemba 2022, una kipimo kimoja kinachouliza hivi: katika kila spishi, ni sehemu gani ya makundi yake ina idadi ya kweli inayozidi 500? Ni swali kwa mimea, kwa wanyama pori, na linahusu mifugo pia. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Bioanuwai uliouzaa mfumo huo. Kondoo mwekundu tutamjibia nini?

Mwenzako wa Maliasili analijua somo hili, maana lilifundishwa kwake. Mwaka 1962, baada ya mvua kubwa, nzi waumao walizagaa katika Kreta ya Ngorongoro wakawashambulia simba mpaka wakabaki kama kumi. Wachache wakaingia kutoka nje, na simba wakaongezeka tena, wakakaribia mia. Mtalii alipiga picha, akaona simba tele. Watafiti walipofuatilia koo wakakuta simba wale wote ni uzao wa simba 15 tu, na madume wao walikuwa na mbegu zenye kasoro nyingi kuliko madume wa Serengeti, ambako si mbali. Vichwa vilirudi, nasaba hazikurudi. Na ilijulikana kwa sababu kulikuwa na watu waliokaa pale miaka wakimtambua simba mmoja mmoja kwa vidoa vya kwenye mashavu na kuandika nani kazaliwa na nani. Simba ana daftari lake, Mheshimiwa, na kondoo wa Longido hana.

Nije kwenye uhimilishaji, kazi iliyonilisha. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa walikuwa na dume wanayempenda kwa picha. Mitungi iliyonifikia mara nyingi ilijaa mirija ya mbegu za dume huyo na mwenzake mmoja. Nimempandishia mama, miaka mitatu baadaye nikampandishia binti, na kabla sijastaafu nikampandishia mjukuu, wote mbegu ya dume mmoja. Nilijua. Lakini ng'ombe akiwa kwenye joto hasubiri kikao, na mfugaji ameshatoa nauli yangu. Niliandika kwenye kadi, kadi zikaenda ofisini, na sijasikia mtu aliyezifungua.

Kule Marekani mwaka 1962 alizaliwa dume wa Holstein aliyeitwa Pawnee Farm Arlinda Chief. Alikuwa na mabinti 16,000, na leo karibu asilimia 14 ya vinasaba vya Holstein vinatoka kwake. Alileta maziwa mengi, hilo halina ubishi. Ila alibeba pia kasoro kwenye jeni moja. Ndama akiirithi pande zote mbili, mimba inaharibika. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulikadiria kwamba kasoro hiyo imeharibu mimba zipatazo 525,000 duniani. Watu husimulia kisa hiki kumlaumu dume. Mimi ninachokiona ni kwamba waliweza kumfikia, nusu karne baadaye, kwa sababu kila ndama aliandikwa baba. Kwetu mimba ikitoka tunasema ni ugonjwa wa brusela, au ni jicho.

Sipingi chotara. Mnadani hakuna anayeuliza nasaba, mnunuzi anashika kiuno na kupima mkia, na kijana mwenye ada ya shule ya kulipa ana haki ya kuuza mnyama mzito. Chotara wa kizazi cha kwanza, nusu Dorper nusu mwekundu, ni kondoo mzuri mno. Ana mwili wa baba na bado ana kitu cha mama. Lakini huwezi kumpata tena kama mama mwekundu hayupo. Anayetaka baghala kila mwaka hachinji punda. Halafu kuna jambo linanichekesha kila nikilikumbuka: Dorper mwenyewe alitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kumchanganya Dorset Horn wa Uingereza na kondoo mwenye kichwa cheusi ambaye asili yake ni Somalia. Kile kichwa cheusi tulichokiona cha kizungu ni cha jirani. Waliomtengeneza walimhitaji kondoo wa kwetu akiwa safi.

Na sisi tuliwahi kufanya kazi kama hiyo, kwa adabu. Ng'ombe wa Mpwapwa walianza kutengenezwa tangu enzi za mkoloni, damu ya Sahiwal na Red Sindhi ikachanganywa na zebu wetu, Borana, Ankole na kidogo ya Ulaya, na kila kizazi kikaandikwa. Ni mbari yetu, yaani aina ya ng'ombe yenye nasaba yake, ina jina la mji wetu. Nenda leo kijiji chochote cha Dodoma uliza ni wangapi wamebaki na baba zao ni wangapi. Kuku sitaki hata kuanza. Kuchi na ching'wekwe wanamezwa na kuku wa kisasa wa mitambo ya kutotolesha, na kuku hata hereni ya utambuzi hana.

Sasa hereni. Mwaka 2025 Serikali ilizindua kule Bariadi kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo tunayo tangu 2010. Mtu wako anafika zizini, anamshika mnyama, anamchanja, anamtoboa sikio, anaandika namba. Kazi ngumu yote imeshafanyika: safari, mafuta, kumkamata mnyama, kumshawishi mwenye mali. Ninachokuomba ni dakika moja zaidi. Aandike ni wa mbari gani kwa kadiri mwenye mali anavyomjua. Kama ni dume, aandike kama anapanda au amehasiwa. Na amuulize mwenye boma swali moja, dume wako ulimtoa wapi? Wafugaji wanajua. Mmaasai anaweza kukutajia mama wa bibi wa mtamba wake bila kupumua. Hatujawahi kumuuliza tu.

Kwa hayo matatu peke yake, bila maabara yoyote, wizara itaweza kukaa Mtumba na kupiga ile hesabu ya darasa la saba kwa kila kata. Itaonekana wapi wekundu wana madume 200, na wapi wamebaki watatu. FAO ilitangaza mwaka 2019 kwamba kati ya mbari za kienyeji 7,745 zilizobaki duniani, asilimia 26 ziko hatarini kutoweka. Wengi wanainukuu hiyo 26. Mimi iliyoninyima usingizi ni asilimia 67, ambazo hali yake haijulikani kabisa. Mbari isiyojulikana haiingii kwenye bajeti ya mtu.

Maabara ije baadaye, na isije kwa kila mnyama, ni gharama isiyo na maana. Kwa kila mbari, wanyama 40 au 50 wasio ndugu, kutoka maeneo tofauti, wanatosha kuonyesha picha. Zipo hereni ambazo zikitoboa hubakiza kipande kidogo cha sikio kwenye kichupa chenye namba ile ile ya hereni. Kipande hicho kinasomwa vinasaba kwa alama makumi ya maelfu, na unaona damu ya Dorper ni asilimia ngapi ndani ya kondoo aliyeapiwa kuwa safi. Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) wapo, Taasisi ya Utafiti wa Mifugo (TALIRI) wapo, vijana waliosomea hayo wapo na baadhi yao wanauza vocha. Irudiwe kila baada ya miaka mitano kwa njia ile ile, mbari zile zile. Kipimo cha mara moja ni kama kumpima mtoto uzito siku moja na kuitupa kadi ya kliniki. Na vipande vitakavyobaki vigandishwe, pamoja na mbegu za madume bora wa kienyeji, kama mnavyogandisha za Friziani.

Halafu kuna sharti ambalo ningeomba litoke kwa mkono wako, maana mimi lilinitokea la kinyume chake. Mradi wowote unaogawa madume, uwe wa Serikali, wa kanisa, wa mfadhili au wa mgombea, usipewe kibali mpaka uonyeshe madume wa kienyeji ni wangapi mahali pale na wangapi wataachwa bila kuhasiwa, katika maboma gani. Na wenye maboma hayo walipwe kitu, hata iwe chanjo na dawa za bure. Mwenye kutunza dume mwekundu kwa faida ya Taifa hawezi kuachwa peke yake na bei ya mnadani.

Mwaka jana nilitaka kununua dume mmoja mwekundu wa kufugia uzee wangu. Nilizunguka minada mitatu. Kwenye wa tatu kijana mmoja akaniletea dume mwekundu kweli kweli, akasema, "Mzee, huyu ni wa babu, hana hata tone la nje." Nikampapasa. Mkia ulikuwa mwembamba, hauna ile mafuta ambayo kina mama wa Kimaasai huyeyusha na kumpa mzazi. Mgongo ulikuwa wa meza ya chai. Nikamuuliza dume wao wa zamani alikuwa wa rangi gani. Akafikiri, akasema babu yake alimwambia walikuwa na dume mwekundu mwenye baka shingoni, lakini aliwahi kuja bwana mifugo mmoja akamhasi.

Nilimlipa bila kupunguziwa bei, nikaondoka naye.

Daftari la 1996 bado ninalo, Mheshimiwa. Lina majina 41 ya wenye maboma, tarehe na rangi, na nyuma yake nimechora ramani ya vitongoji. Ukimtuma kijana wako Longido nitampa, na nitamwonyesha boma la yule koko. Mwenyewe ametangulia mbele ya haki, lakini wajukuu wake wana madume wekundu wanne. Nimewahesabu juzi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Bwana mifugo mstaafu,
Longido, Arusha.

Nakala: Waziri wa Maliasili na Utalii (kuhusu simba).